Nyuzi Nne Zinatosha: Acheni Kununua Besi kwa Macho

Haipiti mwezi bila mtu kuniuliza swali lile lile. Wengi wao ni watu wa kompyuta kama mimi, vijana wanaoandika programu mchana kutwa, na wanajua kwamba jioni nikishafunga tarakilishi mimi hushika gitaa la besi. Swali ni hili: "Ninunue besi gani?" Na kabla sijafungua kinywa, muulizaji tayari ana jibu lake mfukoni. Anataka nyuzi tano, nyeusi ya kung'aa, yenye betri ndani, na pesa zikibaki, pedali mbili tatu za kubadilisha sauti. Hajawahi kubonyeza freti hata moja.

Haya basi. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na nitajibu kwa ukali kidogo, maana upole nimeujaribu na haukusaidia. Usinunue nyuzi tano. Usinunue pedali. Usinunue amplifaya kubwa. Nunua besi ya nyuzi nne ya bei ya kawaida, mpelekee fundi airekebishe, na pesa zinazobaki mlipe mtu akufundishe. Anayekuambia vinginevyo ama anauza duka, ama hajawahi kufanya hesabu.

Tuanze na hizo hesabu, kwa sababu hazina ushabiki. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani 41 Hz. Unaofuata ni A wa 55 Hz, kisha D wa 73, na G wa 98. Besi ya nyuzi tano inaongeza uzi mmoja upande wa chini, B, ambao uko karibu 31 Hz. Huo mmoja ndio unaokufanya uongeze pesa. Sasa niambie ndugu yangu, ni spika gani hapo kwenu inayotoa 31 Hz? Amplifaya ya mazoezi yenye spika ya inchi nane haitoi hata ile 41 ipasavyo. Ukipiga E kwenye spika ndogo, unachosikia hasa ni mitetemo ya juu ya noti hiyo, ya 82, ya 124 na kuendelea, halafu ubongo wako unajaza pengo na kukuaminisha kwamba umesikia noti yenyewe. Ndiyo maana unaweza kuifuata besi ya wimbo kwenye simu, ilhali kispika cha simu hakina uwezo wowote wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kwa hiyo unalipia uzi ambao wewe mwenyewe huusikii, na wanaokusikiliza hawausikii.

Hapo sijagusa ugumu wa mikono. Uzi wa B ni mnene sana, mara nyingi hufika inchi 0.130, na kwenye besi za bei nafuu hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukipiga nyuzi nyingine, wenyewe unaanza kutetema peke yake, na mwanafunzi ambaye hajajua kunyamazisha nyuzi kwa viganja vyake anabaki na mngurumo usioisha chini ya kila noti. Mwalimu anasikia uchafu, mwanafunzi anasikia "sauti nzito". Shingo nayo ni pana zaidi. Kwa mtu anayeanza, huo ni mzigo mtupu.

Najua hoja ya upande wa pili na nitaieleza kwa haki. Kanisani mcheza kinanda anapenda funguo za E-flati na D-flati, na mwimbaji akichoka anashusha wimbo katikati bila kuuliza mtu. Mwenye nyuzi tano anapata E-flati ya chini bila kuhangaika, na tena anaweza kukaa sehemu moja ya shingo bila kupanda na kushuka. Hiyo ni faida ya kweli, na mpigaji wa kulipwa anayepiga ibada tatu kila Jumapili ana sababu ya kuwa nayo. Lakini wewe unayeanza leo? Legeza uzi wa E hadi D, unashuka hadi 37 Hz hivi, na E-flati yako iko freti ya kwanza. Kulegeza uzi hakugharimu hata shilingi. Na D-flati ipige oktava ya juu, hakuna muumini atakayeondoka kanisani kwa sababu hiyo.

Kwa kuwa nimetaja kanisa, nimalize. Kuna kanisa moja, silitaji jina, walifanya harambee wakanunua besi ya nyuzi tano yenye kila aina ya vifundo. Mpigaji walikuwa hawana. Walidhani kifaa kikishafika, mpigaji atatokea. Alitokea kijana wa kwaya, akapewa besi kwa sababu hakuwa na sauti ya kuimba (hivi ndivyo wapiga besi wengi wa nchi hii wanavyoteuliwa), akaachwa ajifunze mwenyewe mbele ya watu. Baada ya miezi michache akaacha. Mara ya mwisho nilipoiona, besi ilikuwa chumba cha nyuma, nyuzi zina kutu, na ile betri ya volti 9 imekufa kwa sababu kebo iliachwa imechomekwa. Besi nyingi za betri huwaka pale unapochomeka kebo na huzimika unapoichomoa, na hakuna aliyemwambia kijana jambo hilo dogo. Zile pesa zingetosha besi ya kawaida na masomo ya mwaka mzima. Waumini walichanga kwa moyo safi, na kijana aliyekuwa na hamu ya kweli akaondoka akiamini kwamba hana kipaji. Hilo la kijana ndilo linaloniuma.

Mwingine ni kijana ninayemwelekeza kuandika programu. Alikuwa tayari kuchukua mkopo wa simu ili anunue besi ya nyuzi tano na pedali moja aliyoiona kwenye video. Mkopo wa simu! Riba ya kifaa ambacho hajui hata kukishika! Nilimuuliza swali moja tu: ungeajiri mtu aandike programu ya benki kwa sababu ana tarakilishi ya bei ghali? Akacheka. Sisi watu wa kompyuta tunaujua vizuri ugonjwa huu. Ni ule wa kubishana wiki nzima kuhusu kihariri cha msimbo na rangi za skrini, huku programu yenyewe haijaandikwa mstari hata mmoja.

Wapenda vifaa wakibanwa kwa hoja hukimbilia majina makubwa. Haya, tuyataje. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown kule Detroit, alitumia besi moja ya Fender Precision ya mwaka 1962 kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Nyuzi nne. Nyuzi zenyewe alikuwa habadilishi, aliziacha zichakae. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Studioni besi iliingia moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Paul McCartney alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961 kwa karibu pauni 30, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba ilikuwa rahisi kuliko Fender. Nyingine ni kwamba umbo lake lilikuwa sawa pande zote, likamfaa mtu wa mkono wa kushoto. (Besi hiyo iliibwa mwaka 1972 na ikapatikana tena, habari zikatangazwa Februari 2024. Mnaofunga besi zenu kwa uzi wa viatu mpo?) Na hapa Afrika kuna Bakithi Kumalo wa Soweto, aliyepiga besi isiyo na freti kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon ya mwaka 1986. Ile besi fupi maarufu kwenye wimbo You Can Call Me Al, nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa mkanda, ikapigwa kinyumenyume. Ujanja huo ni wa studio, na leo unaufanya kwa programu ya bure kwa kubofya mara mbili.

Besi yenyewe kama kifaa ni kitu rahisi sana. Leo Fender aliitoa Precision mwaka 1951, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Urefu wa uzi unaotetema, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, ni inchi 34, na besi nyingi zinazouzwa leo bado zina urefu huo huo. Kipande cha mbao, sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, vifundo viwili vitatu, basi. Hakuna siri kubwa iliyofichwa ndani ya besi ya bei kubwa. Besi za wanaoanza za Yamaha, Ibanez na Squier zinachongwa kwa mashine za kompyuta, na uchongaji huo ni sahihi kuliko vyombo vingi walivyotumia wazee wetu kurekodi nyimbo tunazoziimba mpaka leo.

Kinachoharibu besi ya bei nafuu ni kwamba hairekebishwi. Inatoka kiwandani, inakaa kwenye kontena baharini, inashushwa Mombasa kwenye unyevu, inapanda Nairobi kwenye ukavu, inaning'inizwa ukutani dukani, na shingo ambayo ni mti imeshajikunja mara mbili. Wewe unaishika, nyuzi ziko juu kama waya wa kuanikia nguo, vidole vinauma, unasema besi hii ni mbaya. Si mbaya. Haijarekebishwa. Mwenye duka anakuelekeza kwenye ya bei ya juu zaidi, ambayo nayo haijarekebishwa, ila umeilipia sana kwa hiyo unavumilia.

Marekebisho yenyewe mtu wa kompyuta atayapenda, maana ni kama kusaka hitilafu: unagusa kitu kimoja, unapima, ndipo unagusa kingine. Anza na nyuzi mpya. Unene wa kawaida ni seti ya 45 hadi 105, yaani elfu za inchi. Kisha angalia shingo. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama pengo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Likiwa dogo, kama unene wa kadi ya biashara, shingo iko sawa. Likiwa kubwa, shingo imejipinda mbele. Kukiwa hakuna pengo kabisa, imejipinda nyuma. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa kispana cha umbo la L. Kukaza kunanyoosha shingo iliyopinda mbele. Robo mzunguko tu, unasubiri, unapima tena. Ukikuta imekaza sana, acha, mwite fundi. Usilazimishe, shingo ikipasuka hakuna kurudi nyuma.

Baada ya shingo ndipo unashusha nyuzi kwenye daraja, mpaka zibaki milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya kumi na mbili. Zikianza kugonga freti na kulia vibaya, pandisha kidogo. Mwisho kabisa ni usahihi wa noti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya kumi na mbili bila kubonyeza, upige, utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo upige tena. Programu ya kupimia noti kwenye simu (zipo nyingi za bure) itakuonyesha kama sauti mbili zinalingana. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kijidaraja cha uzi huo nyuma ili uzi uwe mrefu; ikiwa chini, sogeza mbele. Rudia kwa kila uzi. Nusu saa, kispana kimoja, na besi iliyokuwa "mbaya" inageuka kuwa besi.

Usiponunua mpya, iliyotumika ni bora zaidi, maana nchi hii imejaa besi za watu waliokata tamaa. Lakini nenda na macho. Itazame shingo kwa urefu wake kama unavyotazama ubao kwa fundi seremala. Piga kila freti kwenye kila uzi, zote, hata muuzaji akikunja uso. Zungusha vifundo ukisikiliza mikwaruzo. Mikwaruzo si tatizo kubwa, ni punguzo la bei. Hakikisha ile fimbo ya shingo bado inazunguka. Isipozunguka, aga kwa heshima uende zako.

Kuhusu mngurumo wa stima. Stima ya Kenya ni ya 50 Hz, na mngurumo huo unaangukia kati ya noti za G na G-shapu za chini kabisa, humo humo ndani ya eneo la besi. Ndiyo maana besi yenye sumaku za koili moja inaudhi sana kwenye nyumba isiyo na waya mzuri wa ardhi. Precision tangu mwaka 1957 ina sumaku iliyogawanywa vipande viwili vinavyofuta mngurumo huo. Jazz Bass ina sumaku mbili, na za kisasa kwa kawaida zinafutana ukifungua vifundo vyote viwili vya sauti kwa kiwango sawa. Haya ndiyo mambo ya kuuliza dukani, rangi baadaye.

Sasa amplifaya. Hapa ndipo watu wa Luthuli Avenue wanapowapata wengi, kwa sababu wati zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona kuwa ndogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo kubishana kati ya wati 20 na 30 ni kupoteza mate. Na nyumbani kwako, kwenye ghorofa lenye kuta nyembamba, huhitaji amplifaya kabisa. Unahitaji kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye tarakilishi na hedifoni nzuri. Jirani atakushukuru bila kujua.

Kwenye tarakilishi, programu huria zimekwisha maliza kazi. Ardour kwa kurekodi, Audacity kwa kukata na kupunguza kasi, Hydrogen kwa dramu, Guitarix kwa kuiga amplifaya. Kuna pia Neural Amp Modeler, programu huria inayotumia mtandao wa neva kuiga amplifaya halisi. Watu wamerekodi amplifaya za bei ya gari wakatoa faili zake bure. Yaani kile kifaa ulichokuwa unakitamani kwenye video kimeshakuwa faili. Na bado mtu ananiambia anaweka akiba ya pedali!

Jambo moja la kuzingatia hapa ni ucheleweshaji. Ukiweka bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, kila bafa inachelewesha milisekunde 2.7. Ukiiacha kwenye 1024, ni milisekunde 21, na hapo vidole vyako na masikio yako vinaanza kugombana. Usiogope namba ndogo: sauti inasafiri mita moja kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo mpigaji anayesimama mita tatu kutoka kwa amplifaya yake anachelewa milisekunde 9 na hajawahi kulalamika. Kwa ajili hiyo kadi ya sauti nimeiweka mbele ya amplifaya. Simu peke yake, hasa za Android za bei ya chini, mara nyingi huchelewa mno.

Kadi hiyo inakupa kitu kingine ambacho hakuna duka linalokiuza. Jirekodi kila jioni kwa nusu dakika, ukipiga noti moja tu na metronomu ikigonga 60 kwa dakika. Halafu fungua faili utazame mawimbi. Utaona noti zako ziko wapi ukilinganisha na mstari wa pigo. Kama kila noti iko milisekunde 40 mbele, unakimbia. Kama zimetawanyika huku na huku, huna wakati bado. Hiyo ni takwimu, huwezi kubishana nayo, na haijali besi yako ina nyuzi ngapi. Nasema hivi kwa sababu kazi ya besi katika bendi ni wakati. Mpiga solo akikosea noti, watu wanatabasamu. Besi ikichelewa, sakafu ya dansi inaishiwa na watu na hakuna anayejua kwa nini.

Na hapa nafika kwenye hasira yangu kubwa kuliko ile ya nyuzi. Fungua intaneti utafute masomo ya besi. Karibu yote ni Mmarekani au Mwingereza anayechapa nyuzi kwa kidole gumba kwa kasi ya ajabu, au anayepita noti kumi na sita pale ambapo moja ingetosha. Vijana wetu wanayameza yote. Wanakuja kwenye mazoezi wanajua kuchapa gumba, wanajua mbio za nyimbo za injili za Marekani, halafu unawaambia wapige benga, wanasimama kama nguzo. Wamezaliwa Kisumu na Machakos, na hawawezi kupiga muziki uliokuwa ukilia kwenye redio ya baba yao.

Benga si muziki wa kudharauliwa na mpiga besi. Ilikua miaka ya 1960 kwa Waluo, na mpigo wake wa gitaa una undugu na nyatiti, kinubi cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga mapigo huku akicharaza. Yaani mtu mmoja alikuwa na melodi na ngoma kwa wakati mmoja. Bendi zilipokuja, kazi hiyo ikagawanywa, na besi ikapewa sehemu nzito: inasukuma, inajibizana na solo, haijifichi nyuma. Sikiliza Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006. Ziba masikio yako yasisikie solo, kama unaweza, uifuate besi tu dakika tatu. Kama hukuchoka mkono kwa kusikiliza tu, rudia tena.

Au chukua upande wa rumba. Les Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na besi akaishika Tommy Malanga. Kila mtu Afrika Mashariki anaujua wimbo wao Sina Makosa, na wengi wanaimba besi yake kwa midomo bila kujua kwamba wanachoimba ni besi. Hebu jaribu sasa hivi, utaniambia. Haijazi kila nafasi. Inasema, inanyamaza, gitaa la ridhimu linapita, inasema tena. Kijana wa kuchapa gumba akiipiga mara ya kwanza anaijaza noti mpaka inakufa, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba ule ukimya nao ni sehemu ya besi. Nyuzi nne zinaitosha kabisa, tena bila pedali.

Tatizo ni kwamba besi hizi hazijaandikwa popote kwa utaratibu. Ukitaka wimbo wowote wa Marekani, utapata noti zake zote kwa dakika moja. Ukitaka besi ya benga, unabaki na sikio lako. Ketebul Music walifanya kazi ya maana mwaka 2008 kwa kutoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu pamoja na CD na DVD, na kinastahili kutafutwa. Lakini kitabu cha historia hakikuonyeshi kidole kinakaa wapi. Wanaojua hilo ni wazee waliopiga kwenye vilabu miaka ya 1970 na 1980, na wanatuacha mmoja mmoja. Wengine bado wapo, wanapiga wikendi kwa malipo ya kusikitisha. Zile pesa ulizotaka kuongeza ili upate uzi wa tano zinatosha kumlipa mzee mmoja saa kadhaa akae nawe akuonyeshe. Omba ruhusa urekodi. Mwite mzee, msalimie vizuri, mnunulie chai, mlipe kabla hajaanza. Usimwambie habari za pedali.

Basi gawa pesa zako hivi. Katika kila shilingi kumi, tano ziende kwenye besi, moja kwa fundi na seti ya nyuzi, mbili kwa kadi ya sauti na hedifoni, na mbili kwa mwalimu. Mkanda na kebo omba punguzo dukani, kwa kawaida wanakubali ukishalipa taslimu.

Wiki ya kwanza usitazame video yoyote. Siku mbili za mwanzo piga nyuzi wazi tu, bila kubonyeza chochote, metronomu kwa 60, vidole viwili vya mkono wa kulia vikipokezana. Siku ya tatu chagua wimbo mmoja wa zamani unaoupenda, uuweke kwenye Audacity, punguza kasi hadi asilimia 60 bila kubadilisha kimo cha sauti, uuzungushe sekunde nane za mwanzo. Imba besi kwa mdomo kwanza mpaka usikosee. Ndipo uitafute kwenye shingo. Usipoweza kuiimba, vidole haviwezi kuijua.

Kuhusu kadi za sauti zinazokataa kutambuliwa na Linux, nimeulizwa tayari mara tatu wiki hii. Hiyo ni mada ndefu, nitaiandika Jumamosi stima ikikubali.